Soda za Malaba na Fizi Zangu

Jumanne, 3 Juni

Jino limetoka. La juu kushoto, kabla tu ya magego. Saa tatu na robo asubuhi, ghalani kwangu Malaba, gunia la kumi na nne kati ya sitini.

Sikuanguka, sikupigwa. Niliuma punje ya mahindi kupima ukavu, kama nilivyouma kwa miaka kumi na tisa. Punje kavu hupasuka kwa mlio. Yenye maji hubonyea, haisemi kitu. Hii ilipasuka vizuri na jino likaja nayo. Nikatema vyote viwili mkononi. Jino halina tundu hata moja. Hilo ndilo limeniudhi zaidi. Zima kabisa.

Wasswa, anayeniletea mahindi kutoka ng'ambo ya mpaka, Uganda, na kuniita nyabo, yaani mama kwa lugha yao, alicheka mpaka akashika ukuta. "Nyabo, sasa tutapima na pengo?" Halafu akaona damu, akanifungulia soda. Nikainywa. Hapa ndivyo ilivyo kwa kila anayekuja kuniuzia mahindi: chupa inafunguliwa kwanza, bei baadaye.

Nimebaki na meno ishirini na nane. Mita ya kupima unyevu ninayo, iko kwenye droo. Lakini mita watu hubishana nayo. Mdomo wangu hawabishani nao. Nilianza na debe moja sokoni Angurai, na huu mdomo. Hakuna aliyenipa kitu kingine.

Jumatano, 4 Juni

Kliniki ya meno, Busia. Daktari Amoit, msichana wa rika la binti yangu Nafula. Aliingiza kichuma chembamba kando ya kila jino huku akimsomea msaidizi namba. Tatu, tatu, nne. Sita. Tano. Nilidhani anahesabu meno, nikaona hajui kuhesabu. Kumbe anapima kina cha mfuko ulio kati ya ufizi na jino, kwa milimita. Tatu ni sawa. Meno mawili ya mbele, chini: sita na saba. Yanacheza. Sikujua. Hapana, nilijua.

Kisha akaniuliza nakula nini. Nimekuja kwa jino, ananiuliza chakula! Nikamjibu kwa hasira, na kadiri nilivyojibu ndivyo nilivyozidi kujisikia mjinga.

Fizi zilianza kutoka damu mwaka juzi. Nikaamua mwenyewe kwamba zimechoka, zipumzishwe. Nikaacha mapera. Nikaacha sukuma wiki na majani ya kunde kwa sababu nyuzi zinaingia kwenye meno. Nikahamia mkate wa kuchovya kwenye chai, uji wa sukari, mandazi. Vitu laini. Na upande unaotoka damu nikaupunguzia mswaki. Miaka miwili, kwa nidhamu, kama mtu anayeuguza mgonjwa.

Anasema nimefanya kinyume. Ugonjwa huanza na uchafu laini unaokaa kwenye ukingo wa ufizi, na mimi nilikuwa nauacha palepale. Sukari ya kila saa inaulisha. Na mwili usiopata mboga na matunda unachelewa kutengeneza ufizi ulioumia. "Mama, ulikuwa unalisha ugonjwa, fizi unazinyima." Nilitaka kumzaba kofi. Yuko sawa.

Amepima sukari ya damu pia, maana kisukari huharibu fizi. Imepanda kidogo. Si kisukari. Bado, akasema. Hilo "bado" silipendi.

Atanisafisha mara mbili, chini ya ufizi. Nibadilishe chakula. Baada ya wiki sita anapima tena. Na yale mawili ya mbele, yatabaki? "Tutaona."

Mimi nikiulizwa mahindi ni makavu au mabichi, sisemi tutaona.

Jumamosi, 7 Juni

Aliniambia nihesabu mara ngapi kwa siku kitu kitamu kinapita mdomoni, si vijiko tu. Alhamisi: kumi na moja. Ijumaa: tisa. Leo: kumi na mbili.

Chai ya Mama Rukia, anayetuuzia chai hapa, peke yake mara nne. Anaileta ghalani na chupa yake ya chai, sukari imo tayari, tena nyingi. Soda za wauzaji: tano. Nusu chupa nainywa nikibishana bei, nusu nikingoja lori lipite forodha. Funda moja moja, saa nzima. Mboga siku tatu: sifuri. Tunda: sifuri. Na hayo machungwa yanapita mbele ya mlango wangu kwa malori.

Sijawahi kujinunulia soda maishani. Zote nimepewa kwa heshima.

Jumanne, 10 Juni

Nimekataa soda ya Wasswa, na hapa kukataa chupa ni kukataa mzigo. Nilisema tu maji yanatosha. Akaweka chupa chini polepole. Akatazama magunia yake, akanitazama mimi.

"Nyabo, mahindi yangu yana nini?"

Hayana kitu. Nikamweleza fizi, daktari, zile mara kumi na mbili za sukari kwa siku. Wapakiaji wanasikiliza, kazi imesimama. Akasema hata mkwe wake akitaka kumkosea adabu husingizia tumbo, hajawahi kusikia wa kusingizia fizi. Wakacheka. Lori likageuza, likaenda kwa jirani yangu. Magunia themanini, makavu, mazuri kuliko yote ya mwezi huu.

Kwa chupa moja! Nimemkasirikia Wasswa. Nimemkasirikia daktari. Nimemkasirikia yeyote aliyefungua soda ya kwanza Malaba.

Jumatatu, 16 Juni

Alhamisi daktari alisafisha upande wa kulia. Ganzi mpaka sikioni.

Mama Rukia sasa ananichemshia chai pembeni, bila sukari, kwa kununa. "Hii ni maji ya kuoshea sufuria, mama. Mtu akiuliza, usiseme imetoka kwangu." Hakukosea. Nabeba chakula kutoka nyumbani: ugali, kunde, omena, wale dagaa wa Sio Port, pera moja. Pera linachoma pengo. Kichwa kinaniuma tangu Ijumaa.

Damu nikipiga mswaki imezidi, haijapungua. Daktari alinionya: itatoka, usiache. Mtu anakwambia endelea na kitu kinachokutoa damu na wewe unaendelea. Ningekuwa naambiwa hivyo na muuzaji ningemfukuza.

Alhamisi, 26 Juni

Upande wa kushoto umesafishwa. Mara za leo: mbili. Damu ya asubuhi: kulia hakuna kabisa. Nilitema, nikatazama, nikatema tena. Hakuna.

Punje siumi tena, daktari amekataza. Mita imetoka kwenye droo. Jana muuzaji kutoka Butula aliipiga kidole akasema, "Boss, hii mashine yako ina njaa, inasoma maji mahali hakuna." Mabishano dakika arobaini. Zamani ilikuwa punje moja, tumemaliza.

Ndiyo maana nayataka yale meno mawili. Si urembo. Nikipoteza ya mbele, hata daktari akiniruhusu, sitauma kitu.

Ijumaa, 4 Julai

Matanga ya muuzaji wangu wa zamani, Butula. Soda mbili.

Niliketishwa meza ya mbele na mjane mwenyewe akanifungulia. Ningesema nini? Nilizinywa pamoja na chakula, si kwa saa nzima. Na nilipiga mswaki nilipofika nyumbani. Najitetea kwa nani? Mbili ni mbili.

Ijumaa, 11 Julai

Wasswa amerudi. Hakuomba msamaha, hakusema kilichomrudisha. Alikuja na magunia hamsini, akaingia ofisini, akafunga mlango. Kisha akatoa chupa ya soda ya kioo, imefunguliwa.

Nikaanza kukasirika upya. Akasema, "Onja kwanza, nyabo." Maji. Alikuwa ameiosha na kuijaza maji.

"Toka nayo nje, unywe mbele ya watu. Wakiona hunywi, kesho watasema Wasswa analeta mahindi yaliyooza."

Nikatoka, nikanywa chupa nzima nimesimama. Wapakiaji wakaanza kushusha. Mita ikasoma, Wasswa akaitazama kama anayetazama nyoka, lakini akakubali. Jioni akanong'ona: hata yeye hutema damu asubuhi, huyo daktari anapatikana siku gani? Nikamwambia ajiandae kuulizwa chakula.

Jumatano, 16 Julai

Mvua tangu mchana. Nimefunga mapema.

Nimekula mboga ya saga na omena. Nimepiga mswaki polepole, kando zote. Hakuna damu, siku ya tisa. Mbele ya kioo fizi si nyekundu tena. Rangi imerudi, zimekaza. Yale mawili ya chini nimeyagusa kwa ulimi. Bado yanacheza, lakini kidogo. Au nimezoea. Sijui, na kutojua ndiko kunanichosha.

Kesho ni siku ya kupimwa, saa tatu na nusu. Nimefanya yangu siku thelathini na saba, tangu nilipokataa soda ya Wasswa, nikitoa ile ya Butula. Namba zake nitazisikia mwenyewe, nazijua maana sasa. Lakini sitaki namba peke yake, na sitaki "tutaona". Daktari, yale mawili yanabaki au yanatoka? Neno moja, kabla ya saa nne.