Viwashio Nilivyovikataa

Jumatatu, 3 Novemba

Viwashio vya fataki arobaini leo. Vinne vibovu. Kila kimoja nakipima kwa mita, navuta nyaya kidogo, napima tena. Namba ikicheza, nakikataa. Vinne hivyo nimevitia kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na vya wiki iliyopita. Limeandikwa VIBOVU kwa maandishi makubwa. Ijumaa nitaviharibu vyote.

Kaka Fidelis amepita kuniambia nachelewesha kazi. Kibali cha fataki ni chake. Harusini wanataja jina lake. Mimi ni dada anayeinama mezani. Kidole gumba changu hakikunjiki tangu siku niliyowasha fataki kwa kiberiti, tulipoanza mchezo huu. Ndiyo maana natengeneza viwashio vya umeme: mtu abonyeze swichi akiwa mbali. Yeye ameshasahau.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua, na baridi ya Iringa. Nina mafua. Sijatengeneza kitu, unyevu huu siuamini.

Kaka anataka vingine kumi. Harusi ya Ilula ni keshokutwa na bwana harusi ameongeza fataki. Nimemwambia hakuna, apunguze fataki.

“Imelda, wewe unaogopa hadi kivuli chako.”

Kasema hivyo mbele ya mke wake. Wifi Neema kaangalia chini.

Jumamosi, 8 Novemba

Homa. Sikwenda Ilula.

Wifi amepiga simu analia. Fataki moja ilikataa kuwaka. Kaka akaifuata hapo hapo, betri haijachomolewa. Kanuni ni kuchomoa betri na kusubiri nusu saa. Kanuni yangu, tuseme ukweli. Yeye hajawahi kuipenda. Ikalipuka akiwa ameinama juu yake.

Jicho la kulia.

Jumapili, 9 Novemba

Jicho limekwenda. Daktari kasema hivyo, hakuzunguka. Nimelia chooni hapo hospitali.

Nilipotoka nikamsalimu shangazi. Kamwene, shangazi. Hakuitika. Ndugu wengine wakageuza nyuso. Kumbe Kaka ameshawaambia: viwashio vya Imelda ndivyo vilivyomponza.

Jumatatu, 10 Novemba

Kopo ni tupu.

Nimempigia wifi, amekuja. Ijumaa, nikiwa nimelala na homa, Kaka aliingia karakanani kwangu akisema anafuata waya. Wifi alimwona akimimina kopo mfukoni. Alimwuliza. Akajibiwa kwamba vinawaka tu, Imelda anajifanya mtaalamu.

Nimemwomba aseme hayo mbele ya ukoo.

“Ni mume wangu, wifi. Nitarudi nyumba gani nikishasema?”

Nimemchukia kwa dakika chache, kisha nikamchemshia chai.

Na mimi nina langu. Nilisema Ijumaa nitaviharibu, sikuviharibu. Ningeweza kuamka. Homa haikuwa kali kiasi hicho.

Alhamisi, 13 Novemba

Usharika wa Mbeya, waliotuagiza fataki, wamepiga simu. Jubilei yao itafanyika bila fataki. Waliongea kwa upole sana. Heri wangenitukana.

Jioni Mama kaja. Jumapili kuna kikao cha ukoo, anataka niombe msamaha yaishe. Nikamweleza habari za kopo, mwanzo mpaka mwisho. Ameniamini. Kasema ananijua, tangu mdogo sikuwa mwongo. Halafu akarudia: omba msamaha, mwenzio amepoteza jicho.

Afadhali asingeniamini.

Jumapili, 16 Novemba

Kikao nyumbani kwa Mama. Kaka amekaa na bandeji, amekonda. Baba mdogo kanipa nafasi niseme lililo moyoni. Walikuwa wanangoja msamaha.

Nikasema nasikitika kwamba sikuviharibu kwa wakati. Kisha nikamwuliza Kaka lile kopo lilikuwa limeandikwa nini.

Wifi alikuwa anakunja na kukunjua kanga yake.

“Vibovu,” Kaka akasema.

Hakuna aliyeniomba radhi. Baba mdogo akasema tusali. Tukasali. Shangazi akanipa kikombe cha kwanza cha chai, na hicho ndicho nilichopata. Nimekunywa. Ilikuwa chungu na sukari imo.

Jumanne, 25 Novemba

Wifi amekwenda msibani Makambako, siku tatu. Kaka hawezi kujitilia dawa ya jicho mwenyewe. Ameniita kwa ujumbe, neno moja: njoo.

Nimekwenda. Ameegemeza kichwa kwenye kiti, nimefungua kope kwa vidole viwili. Mahali palipokuwa na jicho pamekuwa pekundu, pamenyamaza. Matone mawili kati ya matatu. Hakuniangalia kwa lile zima, alilifumba.

Kasema dawa ni baridi. Nikaishika chupa kiganjani mpaka ikapata joto, ndipo nikatia tone la tatu lililobaki.

Kesho saa mbili asubuhi tena.