Kila Mkono wa Rangi na Sigara Yake

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Pokea salamu zangu nikiwa nimekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, maana katika karakana ya mwanao hakuna kiti kilichobaki na miguu yote minne. Goti lako la kushoto linasemaje? Bado unakazana kwenda kuwalisha kuku mwenyewe na huku wajukuu wapo? Mimi ni mzima, ila nimechoka. Nimechoka, mama, uchovu ambao hata nikilala siku nzima hauondoki. Barua hii naomba uisome peke yako, jirani yako akiwa kwake. Yule mama ni mtu mwema, lakini mdomo wake hauna kufuli.

Nakuandikia kwa sababu ya yale uliyoniambia kwenye simu juma lililopita. Ulisema kwamba kitindamimba wako akifa, ndugu yako asithubutu kukanyaga msibani, kwa kuwa yeye ndiye aliyemtia sigara mdomoni angali mtoto, kwa hiyo yeye ndiye muuaji wake. Nikakuitikia ndiyo mama, nikakata simu, nikabaki nimesimama na pasi mkononi mpaka shuka la hoteli likaungua. Kazini wamenisamehe, shuka lenyewe lilikuwa limechakaa. Ila neno lako limenikwama kooni tangu siku hiyo. Na ninayotaka kukuambia hayafai kwenye simu, ungenikatiza kabla sijafika katikati.

Nianze na mgonjwa, najua ndiye unayemtaka. Brashi (siku hizi hata mimi nimesahau kumwita vinginevyo) yu hai, anakula, anabisha. Lakini kifua chake kimekwisha. Mtu aliyekuwa akipanda ngazi na kopo la rangi huku akiimba, sasa akifika kipandio cha nne anaikumbatia ngazi kama mtoto aliyeogopa mbwa. Kikohozi chake cha asubuhi nakisikia mpaka chumbani kwangu, na mimi nalala mlango wa tatu kutoka kwake. Nilimbembeleza aende hospitali, akaniambia ni vumbi. Nikamgombeza, akasema ni harufu ya rangi. Mwisho nikamwambia kwamba baba naye alisema ni vumbi, na vumbi hilo tulilizika naye miaka kumi na mmoja iliyopita. Hapo akavaa viatu.

Tulipofika tuliketi kwenye benchi la ukumbini, na ukutani juu ya vichwa vyetu palikuwa na maandishi makubwa mekundu: USIVUTE SIGARA HAPA. Nikamwona anayatazama kwa jicho la fundi. Akaninong'oneza kwamba ile ni kazi yake ya miaka mitatu nyuma, na kwamba ile G ameilaza kidogo, ingekuwa leo asingeiacha hivyo. Kisha akakiri kwamba siku ile alipopiga mkono wa kwanza wa rangi alitoka nje kuvuta moja, na alipopiga wa pili akatoka tena kuvuta nyingine. Mama, tulicheka watu wazima wawili mpaka muuguzi akatoka kutukemea. Kicheko chake ndicho kilichogeuka kikohozi, na kikohozi hicho ndicho kilichofanya tuitwe kabla ya zamu yetu.

Daktari alimpa kibomba cha kupimia pumzi apulize kwa nguvu zake zote. Kishale kikapanda kidogo kikarudi, kana kwamba kimeona aibu. Daktari hakupiga kelele wala hakutisha. Alisema pafu lililokwisha kuharibika halirudi, lakini hilo lililobaki linaweza kumtunza miaka mingi iwapo ataacha sigara leo, si Jumatatu, leo. Akiendelea, alisema, itafika siku ambayo kutoka kitandani hadi chooni itakuwa safari ya kupumzikia njiani, na ataburuta mtungi wa hewa nyuma yake. Kisha akamwuliza alianza akiwa na umri gani. Brashi akajibu miaka saba. Daktari akashusha kalamu, akauliza ni nani huyo anayempa sigara mtoto wa miaka saba. Ndugu yangu hakunitazama. Aliangalia viatu vyake, akasema ni mjomba.

Nikanyamaza. Nitakueleza kwa nini.

Kuacha sigara, mama, watu huona ni kama kuacha sukari kwenye chai. Siku ya tatu alitupa kopo zima la rangi ukutani kwa sababu kifuniko kiligoma kufunguka. Siku ya tano alilia kwa ajili ya kitu nisichokijua, na yeye mwenyewe hakukijua. Lakini kilichomshinda kabisa hakikuwa hicho. Kilikuwa ni kazi. Unakumbuka baba alivyokuwa akipima rangi? Hakuwahi kuwa na saa. Akipiga mkono wa kwanza wa herufi, anavuta sigara moja polepole, na ikifika kwenye kidole anajua rangi imeshika, apige wa pili. Ubao mkubwa ulikuwa ubao wa sigara nne, mdogo wa sigara mbili. Ndivyo alivyomfundisha mwanawe, na ndivyo Brashi alivyofanya kazi miaka ishirini na tano. Sasa sigara hakuna, na fundi hajui rangi inakauka lini. Aligusa mapema akaharibu ubao wa duka la dawa, akaurudia, akauharibu tena. Mwenye duka alikuja akasimama mlangoni akitikisa kichwa. Ndugu yangu akaniambia kwa sauti ndogo kwamba kesho yake angevuta moja tu, ya kupimia. Ya kupimia!

Nikaona nimtafutie saa. Saa yoyote, ilimradi mshale wake uzunguke. Na katika soko zima la huku, fundi saa ni mmoja, na mama, unamjua ni nani. Ni ndugu yako.

Ndiyo. Miaka yote hii ulidhani kahamia mbali, na mimi sikukusahihisha. Ana kibanda chenye dirisha la kioo, hatua kama mia mbili kutoka hoteli ninapofanyia kazi. Kila siku nikitoka kazini nilikuwa navuka barabara kabla ya kukifikia, ili asinione. Nimevuka barabara hiyo mpaka wauza matunda wanajua kwamba mimi ni mtu wa upande ule mwingine. Siku hiyo sikuvuka.

Alikuwa na lenzi yake jichoni, ameinamia saa ya mtu. Alipoinua kichwa, alinijua mara moja. Aliniuliza habari za goti lako. Nilishangaa goti lako kalijulia wapi, akasema habari za dada mtu hazikosi njia. Nikamwambia nataka saa ya kupimia rangi ikauke, kwa kuwa Brashi ameacha sigara. Aliposikia hivyo akavua lenzi, akaiweka mezani. Halafu akasema yeye aliacha zamani, siku ambayo jivu lilimdondokea ndani ya saa ya mteja, akatumia siku mbili kulitoa punje kwa punje huku akijitukana. Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia mbele ya wateja.

Sasa naomba ukae, kama ulikuwa umesimama.

Unakumbuka baba alivyokuwa akiita “Moto!” kutoka uani? Mikono yake ilikuwa imelowa rangi na mafuta ya taa, hakuweza kugusa kiberiti. Kwa hiyo mimi nilichukua sigara dirishani, nikaenda kuiwasha kwenye jiko lako, nikarudi mbio kumwekea mdomoni. Wewe ulidhani naigusisha kwenye kaa tu. Mama, sigara haiwaki kwa kuguswa, inawaka kwa kuvutwa. Nilianza na miaka tisa. Nilipofika kumi na miwili nilikuwa tayari naivuta mara tatu nne kabla ya kuitoa jikoni. Siku moja nilikuwa naruka kamba na wenzangu, baba akaita, nami sikutaka kupoteza zamu yangu. Nikamtuma mdogo wangu. Nikamfundisha mimi mwenyewe: weka mdomoni, inama, vuta, usiogope ukikohoa, inapita. Alikuwa na miaka saba, ana pengo la meno mawili ya mbele. Tangu siku hiyo kazi ya moto ikawa yake, na mimi nikaruka kamba yangu kwa raha zangu.

Siku uliyorudi mapema ukamkuta nyuma ya jiko anakohoa, machozi yakimtoka na sigara aliyojiwashia mwenyewe mkononi, baba alikuwa ametoka kwenda kupima ukuta wa mtu. Uani alikuwepo mjomba peke yake, na pakiti yake imekaa pembeni. Ulipouliza nani kampa, mdogo wangu alifungua kinywa. Mimi nikamwahi. Nikasema ni mjomba.

Basi. Ni hilo. Ulimfokea ndugu yako mpaka majirani wakatoka. Yeye alisimama, akanitazama mimi, si wewe, akatoka bila hata kuchukua koti lake. Jioni nilimwambia mdogo wangu kwamba akiulizwa aseme hivyohivyo. Amesema hivyohivyo kwa miaka thelathini na nne, hata mbele ya daktari, hata pale ambapo pumzi yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikiulizwa. Tulipotoka hospitali nilimwuliza kwa nini. Akanijibu kwamba niliwahi kumwambia asiseme, na hakuna siku niliyomwambia vinginevyo.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, mama, na miguu imeniuma.

Nilimwambia mjomba yote pale kibandani. Alinisikiliza, kisha akasema kwamba alijua tangu siku ile ya kamba, alinisikia nikimfundisha mtoto kupitia dirisha la jiko. Nikamwuliza kwa nini hakujitetea. Alisema angenitaja ningechapwa nisikae wiki nzima, naye hakupenda kuona mtoto wa dada yake anachapwa. Na hasira za dada yake, alisema, alikuwa akizijua, ni za juma moja tu. Akaamua kusubiri juma lipite. Basi akasubiri. Aliponiambia hivyo alirudisha lenzi jichoni haraka, na nikaona hakuna saa yoyote mbele yake.

Saa alinipa. Ni kubwa, ya kutundika, inapiga kelele kama mtu anayetafuna. Brashi ameiweka juu ya ubao wake na sasa anajua: dakika kumi na mbili mkono wa kwanza, kumi na nane wa pili. Ubao wa duka la dawa umekamilika jana, na G yake imesimama wima. Leo ni siku ya ishirini na tatu hajavuta. Na mimi pia, kwa kuwa sasa nasema yote, hukujua kwamba mwanao wa kwanza alikuwa anavuta nyuma ya chumba cha kufulia, pakiti kwa siku, miaka yote hii, na kutafuna majani ya mnanaa kabla ya kuja kukusalimia. Niliacha siku moja na yeye. Sijui mikono niipeleke wapi. Nakunja leso, naikunjua. Natamani kumgombeza kila mtu, na wengine nimewagombeza. Lakini nilimwona mdogo wangu akipanda mpaka kipandio cha sita juzi, akageuka kuniangalia kama nimeona. Niliona.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nitakuja unipe la kunipa ana kwa ana. Jumamosi tunakuja watatu, mimi, Brashi, na mjomba. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akauliza kama basi la asubuhi bado lipo.

Najua kuhusu lile koti. Limetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni kwenye msumari uleule. Kila mwaka unalifua, unalianika, unalirudisha, na tukikuuliza unasema ni la kujifunika mvua ukienda kwa kuku. Mama, sijawahi kuliona limelowa. Usiliondoe kabla hatujafika. Na kama ni lazima mtu afukuzwe nyumbani kwako, safari hii nitatoka mimi, lakini mwache kwanza ndugu yako aingie alichukue koti lake.

Nisalimie kuku na wajukuu, na jirani naye msalimie, ila usimweleze kitu. Goti ulipake dawa. Brashi anasema shikamoo, anasema pia kwamba dakika kumi na mbili zimekwisha, nimpishe ndoo, anataka kuchanganyia rangi.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
niliyetumwa moto.