Mto Wetu Umepewa Daraja la Mwisho

Jumanne. Ukungu umekataa kuondoka hapa Mutuini tangu asubuhi, na mimi pia sina raha.

Yule msichana wa ofisi ya maji amerudi leo. Wiki iliyopita alikuja na gambuti zake za mpira, akachota maji ya mto kando ya nduma zangu, haya magimbi niliyopanda ukingoni, akatia kwa chupa. Nilimcheka. Maji meupe, vyura wanaimba, unapima nini? Sisi tulioolewa hapa tuliupima huu mto kitambo bila chupa: juu ya lile jiwe tulichota ya kunywa, katikati ng'ombe, chini kufua. Na ole wako uvuke mpaka.

Leo ameniambia kwa heshima, kama anayemwambia bibi yake, "Shosho, maji tunayapanga kwa madaraja. Kuna ya kunywa ukishayasafisha, kuna ya mifugo na shamba. Haya ni daraja la mwisho. Hata ng'ombe asikunywe."

"Na mbona nduma zangu zimenona?"

Akatazama kule juu, kwa zile nyumba za kupangisha zilizojengwa kando ya mto. "Zinakula choo, shosho."

Nilikaa chini kwa nyasi kama mtu amezabwa kofi.

Miaka yote hiyo nikijisifu ni mkono wangu! Nimewaringia akina mama wa kanisa na nduma nene kama mguu wa mtoto. Kumbe.

Lakini si hiyo inaniuma. Inaniuma Wambui, mke wa mwanangu, kule Kabiria. Krismasi aliniambia polepole jikoni, "Mama, watoto wasikule hizi nduma za mtoni, zinawaharisha." Nikapaza sauti nyumba nzima isikie: "Na bwana yako alilelewa na nini, keki?" Watu wakacheka. Yeye akakusanya watoto wake, akaenda. Sijawaona tena. Nikasema atarudi mwenyewe, ana kiburi.

Nani ana kiburi?

Mchana nimeng'oa zote. Mgongo unalia. Mbegu yake nilipewa na mama mkwe siku niliyoingia boma hili, na sasa zimelala uani zinanyauka. Jirani ameomba achukue, nimemfukuza na jembe.

Kesho nakwenda Kabiria. Kwetu mama hafiki kwa mwanawe bila kubeba kitu, ni aibu kubwa. Mimi nitafika hivyo hivyo, mikono mitupu. Wambui aione kwanza hii mikono isiyo na nduma, kabla sijafungua huu mdomo wangu.