Nyanya Alingojea Malaba

Apondi, wacha kazi usome hii!! 😂

Unaujua ule wimbo wa 1966, jamaa analia ati alimngoja mpenzi wake mpakani na hakutokea? Huyo mpenzi ni nyanya yangu. NYANYA!

Redio imeucheza sasa hivi, nyanya akawaka: "Muongo huyo! Mimi nilimngoja Malaba mpaka jua likanichoma."

Malaba, Apondi! Jamaa anaimba alingojea kwenye mpaka ule mwingine, Busia!

Nikauliza nani alimwambia ni Malaba. "Si babu yako? Alikuwa rafiki wa huyo muongo, ndiye aliniletea ujumbe nyumbani Nambale. Akanibeba na baiskeli mpaka Malaba."

Babu akaweka kikombe chini, akacheka.

"Nilijua ni Busia," akasema. "Lakini kwa baiskeli, Malaba ndiyo mbali zaidi."