Chini Kushoto

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na wapwa zangu wote wawili, yule mpole na yule mtundu. Mimi sijambo, ila mkono wa kulia una ganzi tangu Jumanne, ndiyo maana mwandiko wangu umekuwa kama wa daktari. Usihangaike kuniletea dawa. Ganzi nyingine iko ndani, nayo sijui nikuelezeje. Nakula, nalala, wenzangu wakicheka nami nacheka, basi.

Kazini wameturudisha mafunzoni, walinzi wote tunaovaa nguo za kiraia. Unajua wenye maduka hawapendi mteja aone silaha, kwa hiyo tunabeba vile vibastola vya mfukoni vinavyoenea kiganjani. Mkufunzi ni mama mmoja mstaafu wa jeshi tuliyempachika jina la Bibi Polepole, kwa kuwa neno hilo halimtoki mdomoni. Siku ya kwanza alituuliza ipi inapiga teke zaidi ikifyatuliwa, bastola kubwa au ndogo. Mwenzetu tunayemwita Pipa alijibu kifua mbele kwamba ndogo ni kitu cha kuchezea. Alifyatua risasi sita, akatoka amechubuka kati ya kidole gumba na cha shahada, anaupuliza mkono. Tulimcheka mpaka naye akacheka.

Bibi Polepole alieleza kuwa bastola nzito humeza teke lake yenyewe, na nyepesi humwachia anayeishika. Tena mpini wake ni mfupi, vidole viwili tu ndivyo vinapata pa kushika, cha mwisho kinaning'inia hewani. Inauma, na mwili haupendi kuumizwa mara mbili. Alisema mwili huanza kujihami kabla ya mlio, na mwenyewe hana habari.

Jumanne alinijazia magazini yeye mwenyewe, nisione. Alichanganya risasi za kweli na za bandia. Tatu za kwanza zililia. Ya nne ilikuwa bandia, ikasema tik tu, lakini mkono wangu ulishtuka vilevile. Ulizama chini ukavutika kushoto, wakati hapakuwa na teke la kuliogopa. Nilibaki nimeutazama kama mkono wa mtu mwingine. Kisha akanionyesha karatasi ya shabaha. Kifuani hapakuwa na tundu hata moja. Yote yalikuwa yamekusanyika chini kushoto. Aliniambia kwa upole kwamba hayo yanaonekana ni mazoea ya siku nyingi, na kwamba yanatibika. Nilimshukuru, nikaenda kunawa uso.

Dada, sasa kaa kitako.

Unakumbuka mwaka jana, yule jambazi alipoingia dukani kwa sonara. Alisimama mlangoni, mimi niko kwenye kabati la vioo namkabili. Kushoto kwa mlango, upande wangu wa kushoto, shemeji alikuwa amejikunyata nyuma ya meza yake ya kutengenezea saa. Jambazi alipiga risasi moja darini. Mimi nikapiga mbili, nikilenga kifua chake. Yeye alikimbia, shemeji akabaki sakafuni na goti limepasuka. Polisi walikuta tundu moja darini na moja mlangoni. Niliwaambia kwamba jambazi alipiga mara mbili na kwamba risasi yangu ya pili ilitoka nje, wakaandika hivyo. Bosi alinipongeza, wewe ukanililia begani, na shemeji akawa anamwambia kila aliyekwenda kumwona hospitali kuwa yu hai kwa sababu yangu.

Dada, shemeji alipopiga kelele, mkono wa yule mtu ulikuwa bado umeelekea darini. Niliuona. Nikajiambia sikuona vizuri, na kwamba risasi haiwezi kwenda upande kiasi kile. Mwaka mzima nimekuwa nikijiambia hivyo. Risasi iliyomvunja mumeo goti ni yangu.

Yule mtu alikamatwa, na tangu siku ya kwanza anasema hakumpiga mtu yeyote. Polisi waliponisimulia, hata mimi nilicheka. Jumatatu hakimu anamsomea hukumu, na kosa lake kubwa ni hilo goti. Kwa ujambazi ana lake la kujibu, lakini hili si lake. Kesho asubuhi nakwenda kituoni kubadili maelezo yangu, na ile karatasi ya shabaha ninayo. Kazi nimeshaiaga, mengine sijui. Nimemwomba Pipa akuletee barua hii mapema, uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa majirani.

Sikuombi unisamehe. Kila nikijaribu kuliandika neno hilo sihisi kitu, na sitaki kukutumia maneno matupu. Naomba kimoja tu. Usimsomee shemeji barua hii. Mpe aisome mwenyewe, nawe utoke nje ufunge mlango, ili akitaka kunichukia asilazimike kukutazama wewe kwanza.

Nisalimie wapwa zangu. Waambie mjomba hatakuja Jumapili hii.

Ni mimi,
mdogo wako wa mwisho.