Goti Lako na Mgongo Wangu

Mzee Saidi,

Leo asubuhi nimeenda kwa kine, yule dada wa hospitalini anayenyoosha viungo vya watu, yuleyule aliyekutengeneza goti. Najua ungecheka kwanza, halafu ungeniuliza kama nimevaa kaptula. Nimevaa, Mzee wangu. Ndani ya suruali, kama wewe ulivyokuwa ukiivaa ndani ya kanzu.

Ni mgongo. Ulianza kuniuma wewe ungali hai, ukawa unaniambia niende, nami nikawa najibu "kesho". Tangu utuache nashona viti vya magari peke yangu hapa Buyenzi, mahali petu palepale, chini kwenye kipande cha sponji, miguu nimeikunja, kiti cha mteja mapajani. Kuinuka ndiyo shida. Siku hizi najishika ukutani kama mtoto anayejifunza kusimama, na majirani wamekwisha kuzoea kunisikia nikiguna.

Basi nikiwa nimekaa kwenye benchi la kusubiri, nimekukumbuka wewe na ile siku yako ya kwanza. Nimecheka peke yangu hadi mama mmoja akasogea pembeni.

Daktari alikuwa amekuandikia uende kwa kine, na wewe ukajiandaa kama tunavyoandaa gari siku ya kontrole tekiniki. Nani wa Buyenzi asiyeijua kazi hiyo? Gari linaoshwa, linaazimiwa tairi za jirani, kinachogonga kinafungwa kwa waya, ili mradi wakaguzi waangalie na lipite. Ukameza vidonge vya maumivu mapema. Goti ukalichua dawa mpaka karakana nzima ikanuka, ukalifunga bandeji, na juu ya yote hayo kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Ile picha ya mfupa ukaiacha nyumbani makusudi. "Ile picha itanisemea mubaya," ulisema.

Ulinitaka niingie nawe ndani kwa sababu kine ni mwanamke, tena kijana. Akabonyeza goti. "Hapa inauma?" Wewe: "Apana." "Na hapa?" "Apana, dokta, niko muzima kabisa." Mimi nimesimama mlangoni natazama viatu vyangu. Ukatoka kifua mbele, ukanipiga begani: "Dezire, nimepita!"

Hatukufika hata getini. Goti likakataa. Ukashika ukuta, jasho linakutoka, na kanzu yako nzuri ikapata vumbi lote la ule ukuta. Kine alikuwa anatutazama dirishani, akatoka. Mimi sikuweza kujizuia, nikamweleza habari ya kontrole tekiniki, na wewe ukanikazia macho kama unayetaka kunifukuza kazi. Yeye hakucheka. Alikwambia, "Mzee, mi sitafute kwenye uko muzuri. Natafuta kwenye kumeharibika. Ukinificha, nitakutengeneza namna gani?"

Akaturudisha ndani. Nayakumbuka yote aliyokwambia, maana wewe ulinikariria kila siku kwa miezi, kana kwamba mimi ndiye mwenye goti. Picha ya mfupa na karatasi ya daktari ni za kuja nazo. Nguo iwe inayofunuka kirahisi, asije akapoteza muda akipigana na kanzu. Dawa za daktari usiziache bila kumuuliza, lakini kila ulichomeza kitaje, hata kile cha dukani, hata majani ya dawa ya yule mama wa Ruziba. Na "niko muzima" ni salamu ya barabarani. Mle ndani sema linauma lini, ukipanda ngazi au ukikaa, asubuhi au jioni.

Kisha akakuuliza swali ambalo hakuna daktari aliyewahi kukuuliza: unataka uweze kufanya nini tena?

Nilidhani utasema kushona, maana ndicho tulichokuwa tunakililia pale kazini. Ukasema polepole, "Naswali ju ya kiti. Nataka paji ya uso ifike chini."

Mimi ni mtu wa kanisani, nimekuja hapa kutoka Uvira, sikujua kuwa kile kiti cha plastiki cha msikitini kilikuwa kinakuumiza kuliko goti lenyewe. Siku zote ulikuwa unakifanyia mzaha.

Njia nzima ya kurudi ulilalamika. "Nilifikiri atanikanda. Kumbe amenipa kazi!" Kweli alikupa kazi. Kukaa na kuinuka, kukaa na kuinuka, bila kushika kitu, na kazi hiyo uliifanyia kwenye kile kiti cha Toyota cha mlangoni petu. Wateja walidhani unapima sponji. Unamkumbuka yule wa teksi wa Musaga? Alisubiri kwa adabu hadi ukamaliza, akasema kiti ni kizuri, umuuzie. "Hii haiuzwe," ukamjibu, unahema, "hii iko hospitali yangu."

Halafu ikafika Ijumaa ile. Ulirudi kutoka msikitini na alama ya mkeka kwenye paji la uso, hukuifuta. Ulikaa ukachukua sindano, na mimi nikajifanya natafuta gundi, kwa sababu machozi yalikuwa yananijia na wewe ungenitania mwaka mzima.

Mzee, mimi nakukosa. Nakukosa hata ukinigombeza kwa mshono uliopinda.

Sasa nikwambie jambo la siku ya maziko yako, ambalo sijamwambia mtu. Watu walikuwa wanainama mmoja mmoja, wanachota udongo kwa mikono, wanakuwekea. Zamu yangu ikafika. Nikajaribu kuinama, mgongo ukanifunga pale katikati, siendi chini, sirudi juu. Hamisi, mwanao, ndiye aliyeniona. Akachota udongo akaniwekea kiganjani, nami nikaudondosha kwa juu, nimesimama wima kama mgeni rasmi. Hamisi alinifanyia wema. Lakini iliniuma, na bado inaniuma. Wewe ndiye uliyenishika mkono ukanifundisha kushika sindano, na udongo wako nimepewa na mtu mwingine.

Leo kine ameniuliza kwanza, "Umemeza nini?" Nikamwambia ukweli: kidonge kimoja, jana. Akaniuliza wapi panauma nikamwonyesha, na alipobonyeza nikapiga kelele kabisa, sikuona haya. Alinikumbuka. Akauliza, "Na Mzee wa kanzu, anaendeleaje?" Nikamwambia umetutoka. Akanipa pole.

Halafu swali likaja. Jibu nilikuwa nimeliandaa tangu nyumbani: nataka kushona bila maumivu. Mdomo ulipofunguka nikasema, "Nataka kuinama, nishike udongo." Ikabidi nimweleze yote.

Hakuniahidi kupona. Alisema mgongo unataka subira, tutaona, na kwamba mikono yake ni sehemu ndogo, kubwa nitaifanya nyumbani. Amenipa kazi kama aliyokupa wewe. Nimekwisha kuianza kwenye kiti chako cha mlangoni. Kimebonyea upande mmoja, upande wako, na sitabadilisha sponji yake.

Jana Hamisi alinambia kaburi lako limeota majani, mvua zimekuwa nyingi, na kwamba ataenda kung'oa Jumamosi. Nimemwomba ang'oe yote isipokuwa ya upande wa kichwa. Hayo ayaache hata yakirefuka, hata watu wakisema baba yake hana mtu wa kumtunzia kaburi. Hayo ni yangu. Nitakuja nipige goti, niyang'oe kwa mkono wangu mwenyewe, na safari hii hakuna atakayenipa udongo.

Lala salama, Mzee wangu. Nisubiri kidogo, nafanya mazoezi.

Mimi Dezire, mwanafunzi wako