Jino Jeupe, Kizibo cha Muda

Jumatatu, 3 Machi
Nimethubutu! Nimempelekea daktari wa meno jino langu la mbele, lile lililokufa nilipoanguka utotoni likawa rangi ya chai. Daktari mwenyewe msichana tu, rika la binti yangu. Ati weusi uko ndani, basi ataling'arisha humohumo. Katoboa kwa nyuma, katia dawa, kafunika na simenti ya muda. Sijamwambia mtu. Hasa fundi saa wa duka la jirani — yeye ndiye sababu! Mjane mzima mimi, aibu!

Jumatatu, 10 Machi
Jeupe! Jeupeee! Nimeganda kwenye kioo mpaka sufuria ikaungua. Binti yangu hoi kwa kicheko: mama, unamchekea nani hivyo? Nachekea kioo, nikasema. Hakuamini, mjanja yule.

Nilitaka lizibwe leo leo, kizibo cha kudumu. Fundi kanialika Jumapili kwa dada yake! Daktari kagoma. Dawa ya kung'arisha huacha hewa ndani ya jino, na kizibo kikiwekwa sasa hakishiki sawasawa. Panabaki ufa, mate yanapenya, jino linaoza au linarudia weusi wake. Tungoje wiki mbili, hewa iishe. Nikambembeleza weee!
"Mama, mimi sizibi kwa ajili ya Jumapili. Nazibia miaka."
Mkali! Nimempenda. Kaweka simenti nyingine ya muda. Nising'ate kitu kigumu.

Alhamisi, 13 Machi
Fundi kaniletea saa yangu ya ukutani. Nikatabasamu. Kajigonga mlangoni akitoka! Basi, siandiki zaidi.

Jumapili, 16 Machi
Dada mtu mcheshi balaa. Kasimulia fundi anavyofanya mazoezi ya kunisalimia mbele ya saa zake: "Umeamkaje, bibie?" — tik, tak, zinamjibu. Nikacheka mdomo wazi, nikatupia karanga kinywani, nikaing'ata — nimesahau! Kwa jino lilelile! Simenti hiyo, imeng'oka, iko kwenye leso. Ulimi unaingia tunduni.

Nikamwambia fundi yote. Dawa, hewa, ufa. Kasikiliza kama aliyefungua saa ya mtu. "Kesho sifungui duka. Twende wote."

Jumatatu, 17 Machi
Kliniki. Naandikia gotini. Muuguzi kanipa pamba niing'ate, nisifungue mdomo. Daktari kachungulia: bado jeupe! Atasafisha, ataweka simenti mpya, tuendelee kungoja. Afadhali alinigomea — kile cha kudumu kingevuja kimyakimya, nisijue.

Dada wa mapokezi kamwuliza fundi: wewe ni nani wake?
Kakohoa. "Mchumba wake."
Mchumba! Mbona mimi sijaulizwa! Kanigeukia, masikio yamemwiva. "Nimekosea, bibie?"
Na mimi pamba mdomoni! Nikatikisa kichwa — yaani hapana, hukukosea! Yeye kaona hapana tu. Kainuka, anatafuta mlango. Nimemdaka shati kwa mkono wa kushoto. Watu wote wanatutazama. Daktari ananiita. Ananiita tena. Shati siachii.